Maswali Sita ya Muheto

Ninyi mliobaki kwenye televisheni mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukiuliza maswali zamani, kabla ya taa, kamera na ule muziki wenu wa kumtia mshindani tumbo joto. Sawa, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika zaidi juu ya woga, kwa sababu kazi hii ya kuuliza nani aliimba nini na nani aliigiza nini mnaiona ni ya kuchekesha, na mimi ilinitetemesha miguu kwa miaka mingi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa ishirini na kitu, na cheti cha shule ya misheni mfukoni. Kazi ilikuwa kwenye lori la sinema la serikali ya Wabelgiji. Lori lilizunguka Masisi na Walikale, kutoka vilima vya maharagwe hadi kambi za wachimba madini kule msituni. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu. Papa Alfonsi, mtu wa Kindu, aliendesha lori, aliwasha gurupu, mashine ya kutoa umeme, na kuzungusha filamu. Mimi nilikaa kwenye mikro ya kipaza sauti na kuwafasiria watu kilichosemwa kwa Kifaransa. Filamu zilikuwa za namna mbili: za kufundisha kuchimba choo, na za mtu mnene anayeanguka. Hizi za pili hazikuhitaji mfasiri.

Lakini sinema ya uwanjani haionekani mchana. Watu waliteremka kutoka vilimani saa nane, na jua lilizama saa kumi na mbili. Utawaweka wapi masaa yote hayo? Papa Alfonsi ndiye aliyebuni mchezo wa maswali. Alipiga sahani ya muziki nusu, akaikata, akauliza mwimbaji ni nani. Aliuliza filamu ya mwezi uliopita, yule mnene alianguka wapi: kisimani, ngazini, au kwenye harusi? Aliyejibu alipata kipande cha sabuni au chumvi. Baada ya miezi michache watu walikuja kwa ajili ya maswali, na filamu ikawa ya kusindikizia.

Siku yangu ya kwanza ya kuuliza ilikuwa Kibua. Papa Alfonsi alikuwa amepoteza sauti kwa mafua, akanisukumia mikro kifuani. Nilitazama ule umati, nikasahau hata jina langu.

“Unaogopa batu ao unaogopa mikro?” akaniuliza kwa kunong'ona.

“Vyote viwili, Papa.”

“Njo muzuri. Mwenye haogope anasemaka mingi.”

Karata za maswali alizitunza katika kopo la biskuti, zimefungwa kwa uzi: nyimbo, filamu, mpira, mbio za baiskeli. Mbele ya kila karata kulikuwa na swali na majibu matatu, la kweli limepigiwa mstari. Nyuma aliandika jibu lilikotoka: sahani fulani, filamu fulani, gazeti fulani. Karata isiyo na kitu nyuma aliichoma jikoni hata kama swali lilikuwa tamu. “Siku moja muntu atakuuliza: na wewe ulijulia wapi?” alisema. “Siku ile, utafurahi sana kuwa na kitu ya kumuonyesha.” Nilidhani anaogopa washindani wakorofi. Yeye alikuwa amefanya kazi na wazungu muda mrefu kuliko mimi.

Ndani ya lori kulikuwa na redio ya kusikilizia matangazo ya serikali. Siku moja tulikwama matopeni mbele ya Kibua, na Papa Alfonsi akaenda kutafuta watu wa kutusukuma. Nilibaki peke yangu, mvua inapiga bati, nikazungusha kifundo taratibu hadi nikaipata redio moja ya mbali iliyosema Kiswahili. Mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nieleze. Redio ile iliwatukana wakoloni wote kwa zamu, Mbelgiji naye akapata fungu lake. Kuisikiliza kulikatazwa. Aliyekamatwa alichapwa fimbo, na kama walimwona ni mtu wa maneno, walimfanya relege: alipelekwa kuishi mkoa wa mbali bila kujua atarudi lini. Nilimfahamu mtu mmoja wa Walikale aliyeondoka hivyo. Mke wake aliendelea kumpikia chakula mwaka mzima.

Mimi nilisikiliza nyimbo. Siasa ilipita kama mvua, nikingojea ikatike. Lakini nani angeniamini? Kila nilipozungusha kile kifundo, jasho lilinitoka kwenye baridi, na nikisikia tu hatua za mbuzi nilizima. Kisha nilirudia. Mtu mwoga si lazima awe mtu mwenye akili.

Huko ndiko nilikosikia habari za mpiga gita mmoja ambaye sahani yake ililia katika kila duka la Mubi, mji wa wachimba madini. Mtangazaji alisema kwamba kabla ya kuimba, bwana yule alikuwa kinyozi. Basi. Jambo dogo kama mbegu ya ulezi. Ila mimi wakati huo nilikuwa nimechoka na karata kuukuu, watu walizijua kwa moyo, wengine walijibu kabla sijamaliza kusoma. Nilitaka swali jipya, swali langu mwenyewe. Nikaandika: kabla ya kuimba alifanya kazi gani, fundi cherehani, kinyozi, ao dereva? Nikapiga mstari. Nilipogeuza karata ili niandike nyuma, kalamu ilisimama. Ningeandika nini? Nikaiacha nyeupe, nikaiingiza katikati ya zingine ambapo Papa Alfonsi asingeiona. Hilo ndilo kosa langu, nalisema waziwazi.

Mwaka ule ofisi ilituma zawadi kubwa kwa mara ya kwanza: gramafoni mpya yenye mpini unaong'aa, kwa mtu wa Masisi atakayejibu maswali sita mfululizo. Tulisimamisha lori Muheto. Ajenti wa serikali alikuja mwenyewe, akaletewa kiti. Watu walimwita Bwana Polepole kwa sababu hakuwahi kupaza sauti wala kuharakisha neno. Waliopelekwa mbali, yeye ndiye aliyeandika majina yao.

Wengi walianguka swali la pili na la tatu. Kisha akapanda Papa Siriaki. Alikuwa mkulima wa kilima kile, wa maharagwe na muhogo, mzee wa kanisa, amevaa koti la sufu lililopigwa viraka kwa ufundi mkubwa. Kila mavuno aliteremka na lori la mizigo hadi Mubi kuuza maharagwe kwa watu wa madini. Alivua kofia, akaishika tumboni, akajibu. La kwanza. La pili. La tatu lilikuwa la filamu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Hakufikiri. Alijibu kama mtu anayesalimiwa. Watu walianza kupiga vigelegele, na mke wake, Mama Vumilia, alificha uso katika kitenge kwa furaha na haya.

Kwa swali la sita nikaingiza mkono koponi, nikatoa karata. Ilikuwa ile nyeupe.

Ningeweza kuirudisha na kusema uzi umekatika, karata zimechanganyika, chochote. Lakini umati mzima ulikuwa unanitazama mkono, na Bwana Polepole pia. Nikaisoma. Sijamaliza kusema “dereva”, Papa Siriaki amekwisha jibu.

“Kinyozi.”

Uwanja ulilipuka. Watu walimbeba Papa Siriaki na gramafoni yake. Mimi nilimtazama Bwana Polepole. Hakupiga makofi. Mnisikilize vizuri hapa: moja ya kazi za ajenti yule ilikuwa kuisikiliza redio iliyokatazwa, ili aandike inayosema. Aliisikiliza kuliko sisi sote. Akainuka polepole, akaja hadi kwenye lori.

“Leta kopo,” akasema. “Mimi itasoma kidogo.”

Usiku ule sikulala, na hakuna cha kusimulia zaidi ya hapo. Asubuhi askari alikuja kunichukua. Kwenye baraza ya ofisi nilimkuta Papa Siriaki ameketi chini, miguu mitupu, kofia juu ya goti. Gramafoni ilikuwa karibu naye kama mshtakiwa mwenzake. Nje ya ua Mama Vumilia alisimama na kikapu cha chakula. Nilipoona kile kikapu nilimkumbuka yule mwanamke wa Walikale.

Bwana Polepole alikuwa amezipanga karata zote mezani pale barazani, kifudifudi. Zote zilikuwa na maandishi. Moja haikuwa nayo.

“Hii moja iko na mugongo mweupe,” akasema. “Nani aliandika?”

“Mimi, Bwana.”

“Jibu ulipata wapi?”

Nikameza mate. “Nilibuni, Bwana. Maswali yalikuwa yamekwisha, nikatunga tu.”

Vijana, uongo ule niliusema ili niokoke. Sikuona ulikokuwa unaenda. Ikiwa mimi nimetunga, basi bahati tu imenipeleka kwenye ukweli. Lakini yule mkulima aliyejibu kabla hata majibu hayajaisha, yeye alijulia wapi? Bwana Polepole aliona mara moja. Alinisahau mimi pale pale, akageuza kiti chake.

“Basi wewe,” akamwambia Papa Siriaki. “Huyu alitunga. Wewe ulijua namna gani?”

Papa Siriaki aliigeuza kofia yake gotini. Nilikisia anachofikiri: pengine kule Mubi kuna mtu mwenye redio, na jina la mtu huyo liko mdomoni mwake. Nilitaka kusema, “Mimi ndiye niliyesikiliza.” Maneno hayo sikuyatoa. Nimeyaweka hapa miaka mingi baadaye, ambako hayana faida kwa mtu.

“Bwana,” akasema Papa Siriaki, “miye sijuake kitu. Miye ni mulimaji. Niliibia.”

“Uliiba namna gani?”

“Huyu kaka, kama anasoma jibu ya kweli, anamezaka mate. Niliangalia koo yake tu. Ile yote sita, ni koo yake iliniambia.”

Sijawahi kuona mzungu akishangaa hivyo. Alinitazama, akamtazama, akachukua karatasi, akaandika. Alituzuia kusemezana. Kisha akanipa karata mbili za mambo ya kwao Ulaya: mshindi wa mbio fulani za baiskeli, na mwanamke wa sinema aliyeolewa na nani sijui. Majibu ya kweli aliyapigia mstari ili mimi niyajue. Mkulima wa Muheto asingeyajua hata kama angeota.

“Soma,” akasema.

Hebu jaribuni kumeza mate kwa makusudi mkiwa na woga. Kinywa changu kilikuwa kikavu kama unga wa muhogo. Nilisoma jina la kwanza, la pili, na kwenye la tatu, lililopigiwa mstari, nikalazimisha koo literemke. Liliniuma. Papa Siriaki akataja jina lile, akiliharibu vibaya lakini lilitambulika. Ya pili nayo akapata. Nilianza kupumua.

Bwana Polepole akaandika ya tatu, akanipa. Haikuwa na mstari. Iliuliza: mwanamke anayetangaza nyimbo katika redio ile ya mbali anaitwa nani, Zaituni, Rehema, ao Mariamu?

Mtego wote nikauona, na nikaona kwamba hauna mlango. Nilimjua Rehema. Sauti yake niliijua kuliko ya dada yangu. Mtu aliyetunga swali la kinyozi kwa bahati hapaswi kumjua, kwa hiyo koo langu halipaswi kusogea. Papa Siriaki naye hapaswi kujua. Kama mimi nikimeza na yeye akijibu kweli, tumekwisha sote wawili, na Mama Vumilia ataanza kumpikia mtu asiyekuwepo. Nilikaza shingo hadi mishipa ikasimama. Nikasoma. Zaituni. Rehema. Mariamu.

Bwana Polepole alikuwa ameinama juu ya meza, macho yake yote usoni kwa Papa Siriaki. Mzee alinitazama. Alichukua muda mrefu kuliko zile mbili za kwanza. Alijikuna kichwa, akatazama tena.

“Hii haioneke muzuri, Bwana,” akasema. “Niseme… Zaituni.”

Ajenti akaegemea kiti na kufunga daftari. Akatoa hukumu bila kupaza sauti. Papa Siriaki ni mwizi wa majibu, si msikilizaji wa redio. Mimi ni mjinga, si msikilizaji wa redio. Gramafoni inarudi. Na Jumapili, mbele ya watu wote wa Muheto, nitatangaza kwenye mikro kwamba mtu huyu alidanganya.

Hapo kwa mara ya kwanza Papa Siriaki aliomba. “Bwana, munipige fimbo. Lakini hii maneno isifike ku batu wa kanisa.”

“Jumapili,” akasema Bwana Polepole.

Tulitoka pamoja. Nilipokuwa na hakika askari hasikii, nilimwambia, “Asante, Papa. Na mimi nilijizuia, sikumeza.”

“Ulimeza, mutoto yangu. Ku Rehema ulimeza sawa ngombe.”

“Na Bwana?”

“Bwana alikuwa ananiangalia miye.”

Nilisimama njiani. Nikamuuliza kama kweli jana pale uwanjani alikuwa ameiba majibu kooni mwangu.

“Jana? Jana nilijua,” akasema, na nikasikia bado anajivunia. “Ile koo niliiona leo asubui, wakati ulikuwa unamudanganya Bwana. Nikasema, aa, mambo njo ile.”

Nikamuuliza alisikiliza wapi. Akaweka kofia kichwani. “Wewe njo muntu wa kuuliza kila siku. Leo pumuzika.” Akamfuata mke wake.

Jumapili tulisimamisha lori Muheto. Papa Alfonsi alikuwa amejua yote kwa kunitazama tu, na hakunigombeza, ingawa kugombezwa kungekuwa nafuu. Alirekebisha vipaza sauti vyote viwili, akanipa mikro, akaenda kusimama nyuma ya lori ili asiwaone watu. Nikatangaza. Nilisema Siriaki mwana wa kilima hiki alidanganya, alisoma majibu kooni mwangu, zawadi haikuwa yake. Sauti yangu ilikwenda ikagonga kilima cha pili ikarudi. Mmoja akacheka, kisha wote. Papa Siriaki alisimama katikati yao na koti lake la viraka, ameinamisha kichwa kama mtu mwenye kosa. Baada ya wiki chache kanisa lilimwondoa katika cheo cha uzee.

Aliendelea kuja kwenye maswali, mwaka hadi mwaka. Alikaa mwisho kabisa na hakuinua mkono tena. Mara nyingi, mshindani akiwa anahangaika juu ya jukwaa, niliona midomo ya Papa Siriaki ikitikisika kule nyuma, na jibu lilikuwa limeshatoka.

Wabelgiji waliondoka. Redio ile ikasikilizwa barazani kwa sauti kubwa, na wengine wakajisifu kwamba waliisikiliza tangu zamani, hata ambao hawakuwa na masikio. Wakati ule ningeweza kwenda Muheto na kusema kweli. Sikwenda. Kusema kwamba yeye alijua kulikuwa pia kusema kwamba mimi nilimtupa, na niliogopa uso wa watu kama nilivyoogopa ofisi.

Mwaka jana, kabla sijastaafu, nilipanda kwenda matanga ya Papa Siriaki. Watu walisimulia kisa cha koo, jinsi mzee alivyomzungusha mtu wa mikro. Wakacheka kwa upendo. Waliniomba nami nisimulie, nikasimulia kama kilivyotangazwa, na nikacheka nao. Mama Vumilia hakucheka. Alingoja watu wapungue, akaja karibu, ameshikwa mkono na mjukuu, akanisemesha polepole.

“Papa Bonifasi, wazungu balishaenda. Sasa unaogopaka nani?”

Nimetunga maswali kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali hilo lilinishinda. Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Mama yule bado yuko Muheto, na majirani zake wana redio, ambayo nayo hurusha mchezo wenu. Jumapili hii, kabla ya kuanza mchezo wenu, msomeni jina la mume wake hewani, mseme kwamba Siriaki wa Muheto hakuiba jibu hata moja, na kwamba aliyedanganya ni mimi, Bonifasi. Msiseme kwamba mmepata habari hiyo kwa watu. Semeni mmeipata kwangu.